Fundi asome wapi ili asiachwe na teknolojia ya maunzi ya kompyuta?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi kompyuta hapa Morogoro. Nilimaliza stashahada ya TEHAMA mwaka 2015 na tangu hapo najisomea mwenyewe. Wiki hii mteja mmoja ameniletea laptopu ya Lenovo, ThinkPad T480s, akitaka nimwongezee RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ifike gigabaiti 32, na mwingine ameniuliza kama anunue moja ya hizi kompyuta zinazoitwa za akili bandia. Wote wawili niliwajibu kwa kubabaisha. Nafuata chaneli nyingi za YouTube, bando linaisha kabla ya mwezi, na bado najiona nimeachwa nyuma. Nisome wapi, na nitajuaje kuwa ninachosoma kinaaminika?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Nianze na hilo neno “kuachwa”, kwa kuwa nadhani linakusumbua kuliko uhaba wa vyanzo. Chaneli unazozifuata zinazungumza na mtu anayenunua prosesa, yaani chipu inayofanya hesabu za kompyuta, iliyotoka kiwandani mwezi uliopita, ilhali mashine zinazofika mezani kwako zilitumika kwanza maofisini Ulaya au Dubai kwa miaka kadhaa, zikauzwa kwa jumla, zikapita Kariakoo, ndipo zikapanda basi kuja kwako. Hiyo T480s ni ya mwaka 2018. Habari zinazokuhusu wewe ni zile zilizoandikwa miaka hiyo, na uzuri wake ni kwamba zimekwisha kupimwa, kubishaniwa na kusahihishwa. Kwa mfano, mashine kadhaa za ThinkPad za kati ya 2017 na 2019, na hiyo yako ikiwamo, zilikuwa na kasoro katika programu dhibiti ya Thunderbolt (teknolojia ya kupitisha data kwa kasi kwenye mlango wa USB-C) iliyoweza kuuharibu mlango wa USB-C, na Lenovo ikatoa sasisho ikiwahimiza wenye mashine waliweke. Aliyeinunua ikiwa mpya hakulijua hilo. Wewe unaweza kulijua kabla hujashika bisibisi. Ucheleweshaji huu wa soko letu tunaulalamikia sana, lakini kwa fundi anayesoma ni faida, kwa sharti kwamba ajue kutafuta nyuma badala ya kukimbilia mbele.

Chanzo cha kwanza kimelala mezani. Kabla ya kufungua kivinjari, iulize mashine yenyewe. Programu ya CPU-Z au HWiNFO itakuonyesha namba kamili ya prosesa na kilichomo katika kila nafasi ya RAM. CrystalDiskInfo itakusomea saa ambazo diski imewaka na kiasi kilichokwisha kuandikwa juu yake. Na ndani ya Windows, amri ya powercfg /batteryreport hutengeneza ripoti yenye namba mbili za kuweka sambamba, yaani uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo iliobaki nao inapojaa leo. Betri iliyoanza na wati-saa 57 na sasa inajaa kwa 31 haihitaji maoni ya mtu yeyote wa YouTube.

Baada ya mashine, nenda kwenye nyaraka za aliyeitengeneza. Lenovo ina hifadhi ya wazi iitwayo PSREF, yenye faili za PDF za modeli zake, hata zilizoacha kutengenezwa siku nyingi. HP huziita karatasi zake QuickSpecs. Dell hukupa mwongozo ukiingiza ile namba ya huduma iliyo chini ya mashine. Sambamba na karatasi hizo za vipimo kuna miongozo ya matengenezo, inayoonyesha skrubu baada ya skrubu namna ya kufungua, na pale ambapo mtengenezaji hakutoa mwongozo wa maana, tovuti ya iFixit mara nyingi wameupiga picha wao wenyewe. Unapakua mara moja, unahifadhi kwenye flashi, na hutalipia tena. Linganisha na video ya dakika ishirini ambayo sita za mwanzo ni salamu na matangazo.

Kuhusu prosesa, Intel ina orodha ya umma ambayo mafundi wengi tunaiita ARK, na hapa ningependa ukae kidogo, maana ndipo wateja wetu wanapoumizwa zaidi. Mtu anakuta dukani laptopu mbili zinazofanana, moja ina kibandiko cha i7 na nyingine cha i5, ambayo ni majina ya madaraja ya prosesa za Intel, na ile ya i7 inauzwa ghali zaidi. Usimwache alipie kibandiko. Soma namba yote. Ikiwa ya kwanza ni i7-7600U, hiyo ni ya kizazi cha saba na ina viini viwili. Ikiwa ya pili ni i5-8250U, hiyo ni ya kizazi cha nane, ilitangazwa Agosti 2017, ina viini vinne, na matumizi yake ya umeme yaliyotajwa ni yale yale ya wati 15. Juu ya hapo, katika orodha ya Microsoft ya prosesa zinazokubaliwa rasmi na Windows 11, ya pili imo na ya kwanza haimo, na hilo si dogo kwa kuwa tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10, ukiacha mpango wa kuongeza muda. Dakika tano za kusoma kurasa mbili zinageuza bei ya mashine hizo juu chini, na muuzaji mwenyewe mara nyingi hajui.

Mimi heshima ya nyaraka hizi niliipata kwa hasara. Miaka kadhaa iliyopita ofisi moja ilinipa kazi ya kubadilisha diski za laptopu kumi na mbili. Nilifungua moja, nikaona nafasi ndogo ya kuchomekea iitwayo M.2, nikanunua SSD (diski zisizo na sehemu zinazozunguka) kumi na mbili za aina ya NVMe. Ya kwanza iliingia bila shida, skrubu ikakaza, nikawasha, na BIOS, ile programu ya ubao mama inayoamsha mashine, haikuona kitu. Nikajaribu ya pili, nikajaribu mashine nyingine, nikasasisha BIOS, nikaanza kulaumu SSD. Jioni ndipo nilipofungua mwongozo na kukuta, katika jedwali la hifadhi, mstari mmoja unaosema nafasi ile inapokea M.2 ya SATA. Nilikuwa nimemwuliza muuzaji akanijibu, “M.2 ni M.2 tu, bosi.” Kumbe M.2 ni umbo. Kinachopita ndani yake kinaweza kuwa SATA, inayoishia kwenye megabaiti 550 hivi kwa sekunde, au PCIe, inayotumiwa na NVMe, ambayo kwa kizazi cha tatu chenye njia nne hufika karibu 3,500. SSD ya SATA kwa kawaida ina mikato miwili kwenye meno yake na ya NVMe ina mmoja, lakini mikato hiyo haikuambii nafasi iliyo kwenye ubao mama imeunganishwa na nini. Hilo linasemwa na mwongozo peke yake.

Hata hivyo nisikufanye uamini kwamba mtengenezaji anasema kila kitu. Waraka wake una tarehe, na una maslahi. Kuhusu tarehe: Intel imeandika kwamba i5-8250U inabeba RAM isiyozidi gigabaiti 32, lakini prosesa hiyo ilipotoka, moduli (vipande vya RAM vya kuchomeka) za laptopu za aina ya DDR4 zenye gigabaiti 32 kila moja zilikuwa bado hazijafika madukani, zilipofika, watu wenye T480, ambayo ina nafasi mbili, waliweka 64 na mashine ikazikubali. Kuhusu maslahi: Aprili 2020 tovuti ya Blocks and Files ilifichua kwamba baadhi ya diski za Western Digital Red, zilizouzwa kwa ajili ya hifadhi za mtandao, zilikuwa zikitumia SMR, mbinu ya kuandika mistari ya data ikipandana kama vigae vya paa, bila kampuni kulitaja hilo kwa wanunuzi. Mbinu hiyo huifanya diski iwe ya polepole sana wakati wa kuandika kwa mfululizo, hasa pale hifadhi inapojengwa upya baada ya diski moja kufa. Waliogundua walikuwa watumiaji waliochoka kusubiri na mwandishi aliyewasikiliza. Kampuni ilitoa orodha ya diski hizo baadaye.

Ndiyo maana unahitaji kundi la tatu, yaani wapimaji wasiouza. Kwa laptopu, chanzo ninachokifungua mara nyingi kuliko vyote ni Notebookcheck, kwa sababu kwa miaka mingi wamekuwa wakipima mambo yale yale kwa kila mashine: mwanga wa kioo, kupepesa kwake, joto la sehemu ya kiganja, kelele ya feni, muda wa betri. Kioo ni mfano mzuri. Modeli moja ya laptopu ya ofisini huweza kuuzwa na vioo viwili au vitatu tofauti, na kile hafifu, kisichofika niti 250 (niti ni kipimo cha mwanga wa kioo), kwa mtu anayekaa karibu na dirisha la Morogoro saa sita mchana ni adhabu. TechPowerUp wana hazina kubwa ya takwimu za kadi za michoro, ya kukusaidia kutambua kadi iliyobadilishwa jina. Phoronix, ya Michael Larabel, iko tangu 2004 na ndiyo ya kutazama ikiwa una wateja wa Linux. Kwa seva kuna ServeTheHome. Gamers Nexus ni watu wa video zaidi, lakini wanapima kwa uangalifu ambao wengi hawauwezi na hueleza mbinu zao waziwazi. Chips and Cheese huchimba muundo wa ndani wa prosesa. Ni usomaji mgumu, na wiki nyingi hautakusaidia kutengeneza chochote, lakini nakiri kwamba mimi husoma kwa raha tu.

Uliuliza utajuaje kwamba chanzo kinaaminika. Mimi hutazama kama mwandishi amesema mashine aliipata wapi, kwa kuinunua au kwa kupewa na kampuni. Kama ametaja toleo la BIOS na programu aliyopimia, kiasi kwamba mwingine anaweza kurudia. Na kama amewahi kurudi kuandika “nilikosea”. Hiki cha mwisho ndicho ninachokithamini kuliko vyote. Tovuti yenye miaka kumi isiyo na masahihisho hata moja inanitia wasiwasi. Kisha kuna jambo ambalo wapimaji hao hawatakufanyia: vyumba vyao vina joto la nyuzi 20 na ushei, umeme wao haukatiki, na hawana vumbi letu. Wakisema mashine fulani hupunguza kasi kwa joto baada ya dakika kumi za kazi nzito, wewe hesabu mapema zaidi, na usishangae.

Tovuti pia hufa. AnandTech, iliyoanzishwa na Anand Lal Shimpi mwaka 1997, ilikuwa shule ya wengi wetu, na tarehe 30 Agosti 2024 ilitangaza kwamba imefika mwisho. Makala zake za kati ya 2012 na 2020 ndizo hasa zinazoeleza mashine zilizo mezani kwako sasa. Ukikuta kiungo chake hakifunguki, nakili anwani uipeleke kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, hifadhi ya nakala za zamani za tovuti, na mara nyingi utaikuta nakala. Tangu siku ile nimekuwa na desturi ya kuhifadhi PDF ya kila makala niliyoitegemea katika kazi.

Je, habari za leo uziache kabisa? La, ila zisome kama mtu anayejaza ghala. Nikupe mfano ambao utakufikia baada ya muda. Kuanzia mwishoni mwa 2023 na kuendelea 2024, watu wenye prosesa za kompyuta za mezani za Intel za kizazi cha 13 na cha 14 walilalamika kwamba michezo na programu zinaanguka ovyo. Mwanzoni lawama zilienda kwa ubao mama, kwa kadi za michoro, hata kwa michezo yenyewe. Wapimaji wakakusanya ushahidi, na Julai 2024 Intel ikakiri kwamba prosesa zilikuwa zikiomba volti kubwa kupita kiasi. Agosti ikatoa sasisho la mikrokodi (maelekezo ya ndani ya prosesa) lenye namba 0x129, ikafuatiwa na nyingine, na dhamana ikaongezwa miaka miwili. Neno la kuandika kwa wino mwekundu ni hili: sasisho huzuia madhara, haliponyi prosesa iliyokwisha kudhurika. Kompyuta hizo zitakapoanza kushushwa kwa wingi kama zilizotumika, atakuja mteja na i9 ya bei ya kutupa inayozima bila sababu, na fundi asiyekuwa na habari hii atabadilisha RAM, kisha pawasapulai, kisha diski, na mwishowe atagombana na mteja.

Habari za bei nazo hazisubiri miaka mitano. Kampuni ya utafiti ya TrendForce ya Taiwan hutoa taarifa za mwenendo wa bei za chipu za kumbukumbu, na mwishoni mwa 2025 bei zilipanda kwa kasi kwa sababu vituo vya data vya akili bandia vilikuwa vinazinyakua. Desemba mwaka huo Micron ikatangaza kuachana na biashara ya Crucial, jina ambalo wengi wetu tumelizoea kwenye RAM na SSD za dukani. Taarifa ya namna hiyo inakuambia uchukue moduli za akiba sasa au usubiri, na hiyo ni faida ya fedha taslimu.

Sasa mteja wako wa kompyuta ya akili bandia. Hapa dawa ni kutafuta fasili ya jina kwa aliyelitunga. Microsoft ilipotangaza kompyuta za Copilot+ Mei 2024 iliweka masharti yanayopimika: kitengo cha hesabu za akili bandia chenye uwezo wa operesheni trilioni 40 kwa sekunde au zaidi, RAM ya gigabaiti 16 na hifadhi ya 256. Mashine yenye kibandiko cha “AI” isiyofika hapo ni mashine ya kawaida yenye kibandiko. Kisha mwulize anakusudia kuendesha programu gani, kwa sababu huduma anazozijua, zile za kuandika swali na kujibiwa, hufanyiwa hesabu kwenye seva za mbali na zinafanya kazi hata kwenye laptopu yake ya sasa. Tabia hii ya kurudi kwa mwenye jina itakufaa pia kwa USB, ambako mlango ule ule wa gigabiti 5 kwa sekunde ulizaliwa ukiitwa USB 3.0, ukaitwa 3.1 Gen 1, kisha 3.2 Gen 1. Shirika la USB-IF ndilo lililobadilisha majina, na kwao ndiko utakakoyafumbua. Kwa RAM mwenye jina ni JEDEC, kwa PCIe ni PCI-SIG. Zile programu za akili bandia za kuongea nazo zitumie kukueleza istilahi na kukutafutia jina la waraka. Namba ya kifaa cha kununua usiichukue kutoka kwake bila kuufungua waraka wenyewe, maana hukosea kwa sauti ya kujiamini kama yule muuzaji wangu wa M.2.

Kuhusu bando, punguza video ubaki na chaneli mbili, na tovuti zilizobaki uzisome kwa mlisho wa RSS, ambao hukuletea vichwa vya habari kwa kilobaiti chache ukachagua cha kufungua. Saa moja Jumamosi inatosha. Maonyesho ya CES ya Januari na Computex ya Taipei hujaa ahadi, kwa hiyo mimi husubiri wiki mbili nisome waliopima. Uvumi wa prosesa ambayo haijatoka sisomi kabisa. Na weka daftari la karakana, la karatasi au la kompyuta, lenye modeli, kasoro, suluhisho na tarehe. Baada ya mwaka mmoja ndilo utakalolifungua kwanza, kwa kuwa hakuna tovuti inayojua ni chaja gani za bandia zinazouzwa mtaani kwako na zinaharibu nini.

Turudi kwenye T480s. PSREF inaonyesha kwamba sehemu ya RAM yake imechomelewa kwenye ubao mama, gigabaiti 4 au 8 kutegemea toleo, na nafasi ya kuongeza ni moja tu. Kikomo rasmi ni 24, yaani 8 za ubaoni na moduli ya 16. Mwenye nafasi mbili ni T480 isiyo na herufi ya mwisho, na nadhani mteja wako alisoma habari za hiyo. Wapo walioweka moduli ya 32 kwenye T480s wakapata 40, lakini hilo haliko katika waraka, kwa hiyo usimwahidi kabla hujaijaribu moduli hiyo kwenye mashine yake. Fungua HWiNFO uone ubaoni kuna ngapi, kisha mwulize kazi zake. Ikiwa ni Excel na kivinjari, na ubaoni kuna 8, mwekee moduli nyingine ya 8 zifanye kazi sambamba kwa njia mbili, na fedha inayobaki aiweke kwenye betri, kwa sababu T480s haina ile betri ya pili ya kuchomoa iliyo kwenye T480, na hiyo ya ndani sasa ina umri. Sasisho la Thunderbolt liweke kabla hujamrudishia.